Lebo Inaweza Kukubeba Ufala, Mkojo Hauwezi: Hivi Ndivyo Kemikali za Vipodozi Hupimwa Mwilini

Hebu fikiria asubuhi yako. Umeamka, umepiga mswaki, umeoga na sabuni ya kunukia, umejipaka losheni na deodoranti, halafu ukamalizia na marashi ndio wasee wa matatu wajue umeingia. Saa mbili haijafika na tayari umegusana na kemikali kibao. Nyingi hazina noma. Lakini swali ni moja: ni gani zimebaki juu ya ngozi, na ni gani zimeingia ndani?

Usiulize lebo. Lebo inakuambia kile mwenye kiwanda ameamua kukuambia, na neno moja tu la manukato linaweza kuficha vitu vingi. Wanasayansi wakitaka ukweli, wanauliza mwili wenyewe. Njia yao ya kwanza ni ile unaijua kutoka kwa daktari: unapewa kachupa, unaingia choo, unarudi nako kamejaa. Ndio, ni kususu.

Mkojo unajua nini?

Ukijipaka kitu kinachopenya ngozi, kinaingia kwa damu. Ini linakibadilisha sura, figo zinakitupa nje. Chukua thaleti, kemikali inayosaidia harufu ya marashi ikae. Haitoki vile iliingia. Maabara inatafuta mabaki yake, yale ambayo mwili umeshayakata-kata. Hapo ndipo kuna ujanja: mabaki hayo yakipatikana, hakuna kusingizia kwamba chupa ilikuwa chafu. Kemikali ilipitia ndani yako.

Kiasi chenyewe ni kidogo ajabu. Mara nyingi hupimwa kwa mikrogramu kwa kila lita. Ili uelewe, chukua bowser 100 za maji, kila moja ikiwa na lita 10,000. Weka gramu 1 ya sukari, yaani robo ya kijiko cha chai, ukoroge zote pamoja. Hiyo ndiyo mikrogramu 1 kwa lita, na mashine za siku hizi zinaiona.

Na kama ulikunywa maji mengi ndio mkojo uwe mwepesi? Washajua hiyo mbinu. Wanapima pia kreatinini, takataka ambayo misuli yako hutoa kila siku, halafu wanalinganisha.

Kuna shida moja tu. Thaleti na bisfenoli, ile ya plastiki na risiti, hutoka mwilini kwa siku moja ama mbili hivi. Kwa hivyo sampuli moja ni kama picha ya simu. Inaonyesha ulikuwa wapi jana, si maisha yako yote. Ndio maana watafiti wazuri hukuomba kachupa zaidi ya kamoja. Wengine hukuvalisha bangili ya silikoni wiki nzima, inyonye kemikali kutoka kwa hewa na ngozi, kisha waipeleke maabara.

Siku tatu tu

Sasa sikiza hii. Kule Salinas, California, watafiti walichukua wasichana 100 wa asili ya Kilatino, wa miaka 14 hadi 18. Baadhi ya vijana wa mtaa huo huo walikuwa watafiti wasaidizi. Wasichana walitoa mkojo, wakaweka kando vipodozi vyao, wakapewa vingine ambavyo lebo zilisema havina thaleti, parabeni wala triklosani. Baada ya siku tatu wakatoa mkojo tena.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Mabaki ya thaleti ya marashi yalishuka kwa asilimia 27. Triklosani, asilimia 36. Parabeni ya kawaida zaidi, asilimia 44. Siku tatu, hakuna dawa, hakuna kufunga kula. Lakini aina mbili za parabeni zilipanda kidogo, ingawa vipodozi vipya vilidaiwa havina. Umeona sasa kwa nini wanapima mkojo badala ya kusoma lebo?

Hata ile risiti ya supamaketi unayokunja mfukoni imewahi kupimwa hivi. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambapo watu 24 walishika risiti kwa saa mbili bila glavu. Mwanzoni, 20 kati yao walikuwa na bisfenoli kwa mkojo. Baada ya kushika, wote 24 walikuwa nayo.

Usianze kupanik. Kupatikana na kemikali si kuwa mgonjwa. Serikali ya Marekani ilipopima watu zaidi ya 2,500 mwaka 2003 na 2004, asilimia 93 walikuwa na bisfenoli, na wengi waliendelea na shughuli zao tu. Kipimo kinakuambia kiasi gani kimeingia. Kujua kiasi hicho kinafanya nini mwilini ni kazi nyingine, na kwa baadhi ya kemikali hizi wanasayansi bado wanavutana.

Kwa zebaki, lakini, hakuna kuvutana.

Nairobi ilishaona hii movie

Zebaki ni ile chuma majimaji ya thamomita za zamani. Ukiiweka kwa krimu inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndio maana wauzaji wa rangi ya thao huipenda. Shida ni kwamba haikai usoni. Inapenya, inaenda kukaa kwa figo, na haitoki kwa siku mbili kama thaleti. Inachukua wiki na miezi.

Mwaka 1972, madaktari wa Nairobi waliandika kwenye jarida la British Medical Journal kuhusu watu wazima 60 ambao figo zao zilikuwa zinavuja protini, ugonjwa unaofanya uso na miguu kufura. Walipoulizwa, 32 walikubali kwamba walikuwa wanatumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Mkojo wao uliionyesha. Kati ya waliofuatiliwa, kuna waliopata nafuu.

Hiyo ni zaidi ya miaka 50 iliyopita. Kenya ilipiga marufuku krimu za zebaki mwaka 1998. Lakini wewe unajua vile mambo huenda: kopo halina lebo, linauzwa kwa bei ya kutupa, na aliyekuuzia anakuapia ni mitishamba tupu.

Ukisema "ni ngozi yangu, nitajua mwenyewe", ngoja. Mwaka 2010, kule California na Virginia, wapimaji waliingia kwa nyumba ambazo mtu alikuwa anatumia krimu kama hiyo. Walipata zebaki kwa mkojo wa watu ambao hawajawahi kuigusa, hata watoto. Ilikuwa inahama kwa taulo, mashuka, mikono, na hewa ya ndani. Mtoto analala kwa kifua cha mamake, na krimu imekaa hapo.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, angalia kopo. Ukiona maneno "mercury", "mercurio", "mercuric" ama "calomel", weka chini. Ukiona maagizo kwamba krimu isiguse pete ya dhahabu ama fedha, weka chini pia, juu zebaki hushambulia hivyo vyuma. Na kama hakuna lebo kabisa, hilo ni jibu tosha.

Pili, kama umekuwa ukitumia na sasa uso unafura asubuhi, mkojo una povu, mikono inatetemeka ama usingizi umekataa, usiaibike. Acha hiyo krimu na uende hospitali. Beba kopo lenyewe, umwambie daktari ukweli, na uulize kuhusu kupimwa zebaki kwa mkojo. Daktari asiyejua kuhusu krimu anaweza kutafuta ugonjwa mahali haupo. Na kama kuna watoto kwa nyumba, wataje pia.

Tatu, kwa zile ndogo ndogo: nawa mikono ukishashika risiti kabla ya kula chipo, na ukitaka kupunguza vitu, anza na vile vinavyonukia sana. Wale wasichana wa Salinas walionyesha hata siku tatu zinatosha kuona tofauti.

Unaweza kudanganya kamera na filta, na muuzaji anaweza kukudanganya na lebo. Lakini figo zako zinaandika kila kitu. Uzuri ni kwamba ukiacha mapema, mara nyingi huo ukurasa hujifuta wenyewe.