Pemba baada ya watawala wengi: Nani atalinda nafasi yake?

Na Mwandishi Wetu

MEI 2008, kundi la wazee kutoka kisiwani Pemba lilipeleka barua katika ofisi za Umoja wa Mataifa (UN) jijini Dar es Salaam. Ombi lao lilikuwa zito: Pemba iwe na serikali yake yenyewe, mbali na ile iliyoko Unguja. Baadhi ya wazee hao walikamatwa na polisi na kuhojiwa, kisha wakaachiwa.

Wapo waliolicheka ombi hilo, na wapo waliolihesabu kuwa ni usaliti. Hata hivyo, swali lililobebwa na barua ile halikuzimika. Kisiwa kilichopita mikononi mwa Wareno, Waarabu wa Oman na Waingereza, na hatimaye Serikali ya Mapinduzi, kitapata vipi sauti ya kudumu katika maamuzi yanayokihusu?

Ili kulielewa swali hilo ni lazima kurudi nyuma, kwani siasa za Pemba za leo zina mizizi mirefu kuliko vyama vinavyopeperusha bendera zake kutoka Mkoani hadi Konde.

Watawala waliopokezana

Baada ya Wareno kung'olewa katika pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 17, Pemba haikuwa moja kwa moja chini ya Unguja. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 18 kisiwa hicho kilikuwa chini ya ukoo wa Mazrui uliotawala Mombasa. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1820 ndipo majeshi ya Sayyid Said wa Oman yalipowaondoa Wamazrui na kukiweka kisiwa chini ya himaya ambayo baadaye makao yake makuu yakawa Unguja.

Utajiri wa Pemba ulikuja na upepo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, huku ile ya Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu za Zanzibar, zao lililobeba hazina ya serikali kwa miongo mingi. Mwaka 1890 Waingereza walitangaza Zanzibar kuwa nchi iliyo chini ya himaya yao, Sultani akabaki na kiti huku maamuzi makubwa yakiwa mikononi mwa maofisa wa Kiingereza.

Katika mabadiliko yote hayo, hakuna mtawala aliyewauliza Wapemba kama wanamtaka. Nafasi ya kwanza ya kusema ilikuja na sanduku la kura, na walipoipata waliitumia kwa uzito mkubwa.

Kura zilizoamua serikali

Katika uchaguzi wa Januari 1961, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata viti 10, Hizbu (ZNP) viti tisa, na ZPPP, chama ambacho ngome yake ilikuwa Pemba, viti vitatu. Wajumbe hao watatu waligawanyika: wawili wakaenda upande wa Hizbu, mmoja upande wa ASP. Matokeo yakawa 11 kwa 11, na serikali ikashindikana kuundwa.

Uchaguzi ulirudiwa Juni mwaka huo huo, na ghasia zilizofuata kisiwani Unguja zikaua watu 68. Safari hii ASP na Hizbu walipata viti 10 kila kimoja, ZPPP vitatu, na ZPPP ikaungana na Hizbu kuunda serikali. Julai 1963 muungano huo ulishinda tena kwa viti 18 dhidi ya 13 vya ASP, ingawa ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote. Aliyekuwa Waziri Mkuu siku ya uhuru, Desemba 10, 1963, ni Mohammed Shamte, kiongozi wa ZPPP na mwanasiasa kutoka Pemba.

Kwa nini Pemba ilipiga kura tofauti na maeneo mengi ya Unguja? Sababu moja inayotajwa na wanahistoria ni ardhi. Kisiwani Pemba mikarafuu haikuwa mali ya Waarabu peke yao. Wenyeji wengi waliojiita Washirazi walikuwa na mashamba yao, wakiishi na kuoana na majirani zao wa asili ya Kiarabu. Wahamiaji kutoka Bara nao walikuwa wachache kuliko Unguja. Hoja ya ASP ya kumkomboa asiye na ardhi haikuwa na moto ule ule katika kisiwa ambacho mkulima mdogo alikuwa na mikarafuu yake.

Mwezi mmoja tu baada ya uhuru, Januari 12, 1964, serikali hiyo iliangushwa. Mapigano ya Mapinduzi yalifanyika Unguja, na Pemba ikajikuta chini ya utawala mwingine mpya ambao wapiga kura wake wengi hawakuuchagua. Miezi mitatu baadaye, Aprili 26, ukaja Muungano na Tanganyika.

Miaka ya ukimya

Kwa watetezi wa Mapinduzi, mwaka 1964 ulimaliza utawala wa Sultani, ukagawa ardhi ya eka tatu tatu kwa wasio nayo, na ukafungua milango ya elimu na tiba bila malipo. Kwa familia nyingi za Pemba, kumbukumbu ni tofauti: ununuzi wa karafuu uliohodhiwa na serikali kwa bei iliyokuwa chini mno ikilinganishwa na ile ya soko la dunia, magendo yaliyoadhibiwa vikali, na uhaba wa chakula wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kumbukumbu hizo mbili ni za kweli kwa wanaozibeba, na kila moja imerithishwa kwa watoto na wajukuu.

Baraza la Wawakilishi lilianza mwaka 1980 tu. Mwaka 1985, Idris Abdul Wakil alipogombea urais wa Zanzibar peke yake kwa tiketi ya CCM, alipata takriban asilimia 58 ya kura, na Pemba ndiko alikokataliwa zaidi. Mwaka 1988 aliyekuwa Waziri Kiongozi, Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, Pemba, alifukuzwa CCM pamoja na wenzake kadhaa. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, yeye na wenzake walikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Wananchi (CUF).

Uchaguzi wa Oktoba 1995 ulionyesha jinsi ufa ulivyokuwa mpana. CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba. CCM ikachukua 26 kati ya 29 vya Unguja. Dk Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 2000, uliorudiwa katika majimbo 16 ya Unguja, CUF iliitisha maandamano Januari 26 na 27, 2001. Polisi walifyatua risasi. Tume iliyoundwa na serikali chini ya Brigedia Jenerali mstaafu Hashim Mbita ilihesabu vifo 31. Shirika la Human Rights Watch lilisema waliouawa hawakupungua 35. Takriban watu 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Kwa mara ya kwanza, Tanzania iliyozoea kupokea wakimbizi ilitoa wakimbizi. Muafaka uliotiwa saini Oktoba 10, 2001 ulituliza hali, lakini haukutoa mgawanyo wa madaraka.

Kujitenga hakukuwa njia

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya barua ya wazee mwaka 2008. Lakini ombi lao lilikutana na kuta mbili.

Ukuta wa kwanza ni wa sheria. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inaitaja Zanzibar kuwa ni eneo la visiwa vya Unguja na Pemba pamoja na visiwa vidogo vinavyovizunguka. Katika Afrika kwa ujumla, wakuu wa nchi walikubaliana mjini Cairo, Julai 1964, kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni.

Ukuta wa pili ulikuwa jirani kabisa. Kisiwa cha Anjouan (Nzwani) kilijitangaza kujitenga na Komoro mwaka 1997, na baadhi ya viongozi wake wakataka hata kurudi chini ya Ufaransa. Machi 2008, miezi miwili tu kabla ya barua ya wazee wa Pemba, majeshi ya Umoja wa Afrika yakiwamo ya Tanzania yalitua Anjouan na kumwondoa Kanali Mohamed Bacar. Serikali iliyopeleka askari kurudisha kisiwa cha nchi nyingine isingekubali kisiwa chake kiondoke.

Hata hivyo, Komoro ilikuwa na funzo la pili. Katiba yake ya mwaka 2001 ilikubali urais uzunguke kati ya visiwa vyake. Utaratibu huo ulibadilishwa kwa kura ya maoni ya mwaka 2018, na malalamiko ya Anjouan yakarudi. Haki ya kisiwa kidogo ni imara pale tu masharti yanayoilinda yanapokuwa magumu kubadilishwa.

Maridhiano na kipimo chake

Zanzibar ilichagua njia yake mwenyewe. Novemba 5, 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu. Julai 31, 2010, wananchi walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Chini ya utaratibu huo, chama kinachoshika nafasi ya pili hutoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na wizara hugawanywa kwa kufuata viti. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo ulipita kwa amani. Wagombea wawili wakuu, Dk Ali Mohamed Shein na Maalim Seif, wote walikuwa wazaliwa wa Pemba, jambo linaloonyesha kuwa mzozo huu haukuwa wa kabila wala wa asili ya mtu.

Lakini utaratibu huo una sharti: chama kinachotaka nafasi ya Makamu wa Kwanza kifikishe asilimia 10 ya kura za urais. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa na kurudiwa Machi 2016, CUF ilisusia, hakuna chama cha upinzani kilichofikia kiwango hicho, na kiti kikabaki wazi hadi Desemba 2020. Maalim Seif, akiwa ACT-Wazalendo, alikikalia kwa miezi miwili tu. Alifariki dunia Februari 17, 2021 na kuzikwa Mtambwe. Nafasi yake ikachukuliwa na Othman Masoud Othman.

Tatizo jingine ni la hesabu. Sensa ya mwaka 1958 iliikuta Pemba na watu 133,858, karibu asilimia 45 ya Wazanzibari wote. Sensa ya 2022 ilionyesha watu 543,000 hivi kati ya milioni 1.89, chini ya asilimia 29. Majimbo 21 ya mwaka 1995 yalikuwa yamepunguzwa hadi 18 ilipofika mwaka 2005. Vijana wanavuka kwenda Unguja, Dar es Salaam na Mombasa kutafuta riziki, na kila anayeondoka hupunguza uzito wa kisiwa kwenye mzani.

Maana yake ni kwamba Pemba haiwezi tena kuamua serikali kwa wingi wa kura zake kama ilivyofanya mwaka 1961. Nafasi yake itategemea kanuni: daftari la wapiga kura linaloaminika, tume ya uchaguzi inayokubaliwa na pande zote, na mgawanyo wa madaraka usiozimika kila chama kinaposusia au kupata asilimia tisa.

Uchaguzi wa Oktoba 2025 ulikuwa wa kwanza kufanyika bila Maalim Seif tangu mfumo wa vyama vingi uliporejea. Dk Hussein Ali Mwinyi wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 74.8, Othman Masoud akipewa asilimia 23, matokeo ambayo ACT-Wazalendo iliyapinga. Dk Mwinyi sasa yumo katika kipindi chake cha pili na cha mwisho kikatiba. Mwaka 2030 Zanzibar itachagua rais mpya, na miaka iliyobaki kabla ya hapo ndiyo muda wa kurekebisha kanuni, wakati hakuna aliyeshika fomu ya kugombea mkononi.

Maridhiano ya mwaka 2010 yalisimama kwa sababu watu wawili waliaminiana. Karume amekwishastaafu na Seif amelala Mtambwe. Kinachosubiriwa na Wapemba ni utaratibu usiohitaji urafiki wa wakubwa ili ufanye kazi.