Tone la kikohozi huanguka wapi? Hesabu ya mwendo na kifua kikuu

Mgonjwa anapokohoa kwenye foleni ya kliniki, aliye jirani naye hujiuliza asogee umbali gani. Wengi wetu hujibu kwa mita: moja, au mbili. Jibu hilo twaweza kulipima kwa hesabu ya kitu kilichorushwa, ile ile inayofundishwa katika fizikia ya sekondari.

Siri ya hesabu hiyo ni kutenganisha mwendo wa wima na mwendo wa mlalo, kwa kuwa kinachoviunganisha ni muda pekee. Tuseme mdomo uko mita 1.5 juu ya sakafu, na tone linatoka kwa mlalo kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde. Kwa upande wa wima tone huanza bila kasi yoyote, na mvutano wa dunia huliongezea kasi ya mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde. Hivyo:

1.5 = ½ × 9.8 × t²
t² = 3 ÷ 9.8 = 0.306
t = sekunde 0.55

Katika muda huo tone husafiri kwa mlalo 10 × 0.55, yaani mita 5.5.

Hata hivyo, matone makubwa ya kikohozi kwa kawaida hutua ndani ya mita 1 au 2. Aljebra yetu ni sahihi. Tulichokiacha ni hewa, ambayo hulipinga tone tangu linapotoka mdomoni. Kwa jiwe lililorushwa kwa mkono upinzani huo si mkubwa. Kwa tone dogo ndio unaotawala kila kitu.

Chukua tone lenye kipenyo cha milimita 0.01. Katika hewa iliyotulia, uzito wake na upinzani wa hewa hulingana karibu papo hapo, nalo hushuka kwa kasi isiyobadilika ya takriban milimita 3 kwa sekunde. Kushuka mita 1.5 kutalichukua sekunde 500, zaidi ya dakika 8. Kasi hiyo hufuata kipeo cha pili cha kipenyo: kipenyo kikipungua mara tano, kasi hupungua mara ishirini na tano, na dakika 8 hugeuka zaidi ya saa 3. Na vipenyo hupungua kweli, kwa sababu tone hukauka likiwa njiani. Mwaka 1934 Mmarekani William Wells alieleza kwamba matone yasiyofikia milimita 0.1 hukauka kabla ya kushuka mita 2, yakaacha chembe zinazoelea.

Bakteria wa kifua kikuu husafiri ndani ya chembe hizo. Kwa hiyo mita moja kati ya viti inafaa kukwepa matone makubwa, lakini mtu asiihesabu kuwa kinga dhidi ya kifua kikuu. Chembe haina mahali pa kutua tunapoweza kupakwepa; hubebwa na hewa ya chumba kizima, na anayeingia baada ya mgonjwa kuondoka aweza kuivuta.

Basi swali linalofaa ni muda wa kuiondoa hewa hiyo. Hewa ya chumba ikibadilishwa mara 2 kwa saa, na ikiwa inachanganyika vizuri, asilimia 99 ya chembe huondoka baada ya dakika 138 tangu mgonjwa atoke. Ikibadilishwa mara 12, kiwango kinachopendekezwa kwa vyumba vya kutengea wagonjwa wa kifua kikuu, zinatosha dakika 23. Madirisha ya pande mbili zinazokabiliana, yakiwa wazi na upepo ukipita, mara nyingi huvuka kiwango hicho bila gharama ya umeme. (Pazia zito lililofungwa kwa ajili ya faragha huweza kuyabatilisha yote.)

Barakoa ya kawaida huvalishwa anayekohoa, kwa kuwa hulinasa tone likiwa bado kubwa na bichi. Mhudumu anayeingia chumbani humo anahitaji barakoa ya kuchuja chembe, inayobana uso pande zote.