Kadi ya Popo na Kosa la Tafsiri

Kila ifikapo mwishoni mwa Oktoba, mjadala ule ule huzuka baina ya Wakenya wa hapa nyumbani na wenzao walio ng'ambo. Je, mtoto wetu, tena aliyelelewa katika nyumba ya watu wacha Mungu, ana haja gani na Halloween? Wako wahubiri walioipa jina la "sikukuu ya mashetani", na jina hilo limeenea. Mzazi akiletewa kadi ya karatasi yenye boga lililotoa meno, huishika kwa ncha za vidole kana kwamba ametupiwa hirizi mlangoni. Mimi si mhubiri, wala sina hamu ya kumshawishi yeyote aadhimishe sikukuu za Wamarekani. Kazi yangu ni maneno, na katika mjadala huu kuna neno lililoonewa.

Halloween ni mkato wa maneno ya Kiingereza cha zamani. Sehemu ya kwanza, "hallow", maana yake ni mtakatifu. Sehemu ya pili ni jioni, au tuseme mkesha. Anayetaka kulifasiri kwa uaminifu atapata "Mkesha wa Watakatifu", kwa kuwa siku inayofuata, tarehe 1 Novemba, ndiyo Sikukuu ya Watakatifu Wote ambayo Wakatoliki wa Kenya huiadhimisha kila mwaka bila ya kushukiwa na mtu. Mzizi huo huo umo katika Sala ya Bwana kwa Kiingereza, pale jina la Mungu linapotukuzwa. Ni kweli kwamba Waayalandi na Waskoti walikuwa na desturi zao za msimu huo, za mioto na za mizuka, na kwamba walizichukua walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19. Kwao walikuwa wakichonga taa kutokana na mizizi minene ya jamii ya figili. Marekani wakakuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga, wakabadili. Hata hivyo, kutoka hapo hadi kwenye "mashetani" ni masafa marefu, na mfasiri mwenye kamusi mkononi asingethubutu kuyaenda.

Lakini ninalotaka kulizungumzia hasa ni karatasi.

Kati ya takriban mwaka wa 1905 na 1915 Wamarekani walishikwa na mapenzi makubwa ya postikadi, na zile za Halloween zilikuwa miongoni mwa zilizopendwa mno. Nyingi zilichapishwa Ujerumani, ambako mafundi walikuwa wamebobea katika kuchapa picha za rangi nyingi kwa kutumia mawe. Ellen Clapsaddle, aliyezaliwa jimbo la New York mwaka wa 1865, alichora watoto wenye mashavu ya mviringo wakikumbatia maboga. Samuel Schmucker, aliyemchorea mchapishaji John Winsch, alichora wachawi wa kike warembo kiasi kwamba hakuna mtoto ambaye angewakimbia. Vita vya 1914 vilipozuka, biashara hiyo ya Ujerumani ikavurugika.

Wakati huo huo ilikuwapo njia nyingine. Kampuni ya Dennison, iliyoanza mwaka wa 1844 kwa kutengeneza visanduku vya vito na baadaye ikawa na kiwanda katika mji wa Framingham, Massachusetts, ilikuwa ikiuza karatasi laini zenye mikunjo mikunjo. Mwaka wa 1909 ilitoa kijitabu kilichoitwa Bogie Book, yaani Kitabu cha Mazimwi, kilichowaonyesha watu namna ya kuipamba nyumba na meza kwa karatasi msimu huo wa Halloween. Biashara ni biashara. Kampuni ilitaka karatasi zake zinunuliwe. Lakini angalia tofauti. Mwuza postikadi alimpa mteja kitu kilichokwisha kusemwa. Dennison alimpa karatasi na kumwachia mkasi.

Sisi wanaisimu huziona kadi kuwa matendo ya usemi. Kutakia heri, kutoa pole, kushukuru, kuomba radhi: haya ni mambo yanayotendwa kwa kuyatamka. Kadi iliyochapishwa hutamkwa na mtu asiyejulikana kwa niaba ya maelfu, na mnunuzi hutia sahihi tu. Tunazijua vyema kadi zetu za kuwatakia watahiniwa heri, zenye maua ya dhahabu na wengine wakaziongezea hata muziki. Ni watahiniwa wangapi wanaokumbuka hata neno moja lililoandikwa ndani? Anayeitengeneza kadi mwenyewe hana pa kujificha. Akishakata na kugandisha, hubaki na nafasi tupu iliyo mbele yake, na sharti atafute la kusema.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu katika jimbo la Massachusetts, nilizoea kwenda Lowell, mji wa viwanda vya zamani vya nguo ambako Wakenya wengi wamefanya makao. Mama mmoja, mzaliwa wa Murang'a, aliyekuwa akiwauguza wazee usiku na kulala mchana, alinipa kadi aliyoikuta katika mkoba wa mwanawe wa darasa la pili. Ilikuwa ya karatasi ya rangi ya machungwa, na juu yake amegandishwa popo mweusi.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe umesoma. Hii niitupe, ama niirudishe shuleni na barua?"

"Umeifungua, mama?"

Hakuwa ameifungua. Ndani, mtoto alikuwa ameandika kwa penseli nyeupe juu ya kipande cha karatasi nyeusi, herufi zikipanda na kushuka, kwamba mama yake ni kama popo, kwa sababu hulala mchana na usiku huenda kutafuta chakula. Na kwamba mwalimu amewaambia kuwa popo akirudi humtambua mtoto wake kwa sauti yake, hata wakiwa wengi namna gani.

Mama aliisoma mara mbili. "Kumbe husikia nikitoka," akasema. "Mimi nilidhani huwa amelala."

Barua ya kwenda shuleni haikuandikwa.

Nimelitaja jimbo la mama huyo makusudi. Yeye mwenyewe alikuwa akimsimulia mwanawe hadithi za irimu, lile dubwana lilalo watu la ngano za Wakikuyu. Wakamba humwita eimu. Waswahili tunamwita zimwi. Wanaisimu wa lugha za Kibantu huyahusisha maneno haya na mzizi mmoja wa kale, ambao pia umetupa mzimu na kuzimu. Babu zetu, basi, walilichukua neno linalohusu roho za wafu, wakalifanyia kiumbe wa kuwatisha na kuwachekesha watoto jioni kando ya moto, na hapana aliyedai kwamba bibi anayesimulia hadithi ya zimwi anamwabudu. Iweje basi zimwi la mdomoni liwe halali, na la karatasi liwe haramu?

Kuna malalamiko ambayo nayakubali. Katika miaka ya karibuni baadhi ya maduka na kumbi za burudani za Nairobi zimeidaka Halloween kwa ajili ya kuuza, na kinachouzwa ni barakoa za plastiki na mavazi ya kukodi. Humo hamna hata chembe ya kazi ya mkono wa mtoto. Anayetaka kupiga vita uigaji wa kijinga aanzie hapo, nitamsindikiza. Na shule isiyoitaka sikukuu hiyo kabisa ina haki yake. Popo hangoji Oktoba, na watoto ambao mama zao ni wauguzi, mabawabu au wachuuzi wa alfajiri wako tele katika madarasa yetu.

Kwa mwalimu atakayetaka kujaribu, gharama ni ndogo. Karatasi moja ya manila hutoa kadi kadhaa. Karatasi nyeusi ikunjwe mara moja katikati, nusu ya popo ichorwe ikiwa imeegemea mkunjo, bawa moja, sikio moja, kisha ikatwe bila ya kuukata mkunjo wenyewe. Ikifunguliwa, mabawa yote mawili huwa sawa, na huo ndio wakati watoto hupiga kelele. Popo agandishwe kwenye mgongo tu ili mabawa yabaki yakipepea. Uji mzito wa unga wa ngano hutosha kuwa gundi. Wino hauonekani juu ya karatasi nyeusi, kwa hivyo wapewe penseli nyeupe au chaki. Sentensi ya kuandika ndani mwalimu asiiandike ubaoni.