Melanini Haipigi na Moyo: Uigaji wa Safari ya Mwanga Kidoleni na Usahihi wa Vipimo vya Oksijeni

Kipima-oksijeni cha kidoleni hupitisha katika tishu mwanga wa aina mbili: mwekundu wa takriban nanomita 660 na wa infraredi wa takriban nanomita 940. Hemoglobini isiyobeba oksijeni hufyonza zaidi ule wa kwanza. Iliyobeba hufyonza zaidi ule wa pili. Kifaa hufuatilia sehemu ya mwanga inayobadilika pamoja na mapigo ya ateri, kisha hukokotoa uwiano. Kwa wazo hilo la Takuo Aoyagi wa Japani, la miaka ya 1970, rangi ya ngozi ingepaswa kujifuta yenyewe, kwani melanini haipigi na moyo.

Haikujifuta. Mwaka 2020, Sjoding na wenzake walichunguza vipimo vya wagonjwa wa hospitali moja ya Michigan, Marekani, ambao kifaa kiliwasomea asilimia 92 hadi 96. Damu ya ateri ilionyesha chini ya asilimia 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na 3.6 vya weupe.

Chanzo cha tofauti hiyo ni vigumu kukitenga kwa wagonjwa, maana hakuna anayeweza kubadilishiwa melanini huku oksijeni yake ikibaki ileile. Kompyuta huweza. Katika mbinu ya Monte Carlo, fotoni hufuatwa mojamoja: urefu wa kila hatua na pembe ya kila mtawanyiko huchaguliwa kwa bahati nasibu, na sehemu ya nguvu yake hufyonzwa njiani. Mamilioni ya safari hizo hutoa picha ya mwanga unaofika upande wa pili. Programu ya MCML ya Wang na Jacques, iliyochapishwa mwaka 1995, ilieneza mbinu hii kwa tishu zenye matabaka.

Hapo nadharia ya uwiano huonekana inapovuja. Taa ya kifaa haitoi urefu mmoja wa wimbi bali ukanda. Melanini hufyonza zaidi mawimbi mafupi, hivyo kitovu cha ukanda mwekundu husogea. Mwanga unaobaki pia ni hafifu, na kelele za kihisio huzidi uzito. Hata hivyo, uigaji hauna ukweli kuliko vigezo vya tishu unavyolishwa. Huelekeza majaribio, hauyafuti.

Mwongozo wa Marekani wa 2013 ulitaka washiriki wenye ngozi nyeusi wasiopungua wawili au asilimia 15, idadi yoyote iliyo kubwa. Kwa Afrika Mashariki, ambako wagonjwa karibu wote ni weusi, kiwango hicho hakitoshi: zabuni za serikali zidai matokeo yaliyotenganishwa kwa rangi ya ngozi, hasa oksijeni inapokuwa chini.