Kompaila Inapokosea: Namna Hitilafu Iliyofichika Inavyosakwa

Mtu aandikapo programu ya kompyuta hutumia lugha ambayo binadamu aweza kuisoma. Mashine haiielewi lugha hiyo, kwani hufuata amri zilizoandikwa kwa tarakimu 0 na 1 tu. Kazi ya kutafsiri hufanywa na programu nyingine, iitwayo kompaila. Mwaka 1957, kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa kompaila ya lugha ya FORTRAN, John Backus na wenzake walitambua kwamba watu wangeikataa endapo amri zake zingekwenda polepole mno kuliko zile zilizoandikwa kwa mkono. Kwa hiyo kompaila yao haikutafsiri tu, bali pia ilifupisha na kuondoa hatua zisizo na kazi. Ufundi huo huitwa uboreshaji.

Uboreshaji una sharti moja kuu: jibu lisibadilike. Sharti hilo likivunjwa, programu iliyoandikwa sawasawa hutoa jibu la uongo, wala hakuna onyo lolote. Mwandishi wake hujilaumu na kupekua kazi yake usiku kucha, kumbe kosa limo ndani ya chombo alichokiamini.

Chukua sentensi hii: “x ni sawa na 5, au x ni ndogo kuliko 10.” Yaweza kufupishwa kuwa “x ni ndogo kuliko 10”, kwa sababu 5 yenyewe ni ndogo kuliko 10. Basi kabla ya kufupisha, kompaila hulinganisha namba hizo mbili. Ya kwanza ikiwa ndogo kuliko ya pili, ufupisho ni halali.

Toleo moja la kompaila ya LLVM lilipewa sentensi “x ni sawa na 0, au x ni ndogo kuliko -3”, likaifupisha kuwa “x ni ndogo kuliko -3”. Hapo x ikiwa 0, sentensi ya awali ni kweli, lakini ufupisho wake si kweli.

Kompaila ilipotea wapi? Biti 32 ziandikazo -3 ndani ya mashine ndizo zile zile ziandikazo 4,294,967,293, iwapo alama ya hasi haikuzingatiwa. Ulinganisho ulifanywa bila kuzingatia alama, na 0 ikahesabiwa kuwa ndogo kuliko -3.

Hitilafu hiyo ilifichuliwa na Xuejun Yang, Yang Chen, Eric Eide na John Regehr wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Walitengeneza Csmith, programu itungayo programu nyingine za lugha ya C kwa bahati nasibu. Kila programu hupewa kompaila kadhaa, kisha majibu hulinganishwa, kama hakimu alinganishavyo maneno ya mashahidi waliohojiwa kila mmoja peke yake. Majibu yakitofautiana, angalau kompaila moja imekosea. Hata hivyo, lugha ya C ina maelezo ambayo kanuni zake hazikuyapa maana, na juu ya hayo kompaila mbili zaweza kutofautiana pasipo kosa. Csmith huyaepuka.

Baada ya hapo programu hupunguzwa. Kipande huondolewa, kosa likibaki, kipande hicho hakihusiki, likitoweka, hurudishwa, na kingine hujaribiwa. Hatimaye hubaki mistari michache, na chanzo huonekana.

Taarifa yao ya mwaka 2011 ilieleza kwamba katika miaka mitatu walikuwa wamegundua makosa zaidi ya 325 yaliyokuwa hayajulikani. Kompaila ya CompCert, iliyotengenezwa Ufaransa chini ya Xavier Leroy, ilijitenga na nyingine: katika sehemu ya uboreshaji, iliyothibitishwa kwa hoja za kihisabati, hawakuona tafsiri yoyote ya uongo. Makosa waliyoyaona yalikuwa katika sehemu ambazo hazikuthibitishwa.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani hata pasipo kompyuta. Wanafunzi na wapewe sentensi “x ni sawa na a, au x ni ndogo kuliko b”, wachague a na b, zikiwamo namba hasi, kisha waeleze ni lini ufupisho ni halali. Atakayejaribu namba chanya peke yake hataliona kosa hata kidogo.