Vibaka wa Karatu, Nyani wa Lodoare: Lipi Kweli, Lipi Si Kweli

Ukipanda gari Arusha kwenda Ngorongoro utapita Makuyuni na Mto wa Mbu, upande ukingo wa Bonde la Ufa, ndipo uingie Karatu, mji mkubwa wa mwisho kabla ya lango la Lodoare. Njia nzima abiria huonyana kuhusu vibaka. Nia ni njema, lakini mengi wanayoambiana hayamsaidii mtu kulinda mali yake, na mengine yanawaumiza wasio na hatia.

"Kibaka anamtafuta Mzungu." Si kweli. Mtalii wa kreta hupita Karatu ndani ya Land Cruiser, akashukia hotelini. Anayesukumana mlangoni mwa Coaster ni wewe. Ni mkulima wa Mang'ola aliyeuza vitunguu na kulipwa taslimu, ni mama anayetoka mnadani na pesa ya mbuzi. Kibaka hufuata msongamano, na penye msongamano tupo sisi.

"Kibaka utamjua kwa sura." Si kweli, na huu ndio uongo ninaoupinga kuliko mwingine wowote. Kijana mwenye shati lililochakaa akikaa karibu, watu wanakumbatia mikoba. Mchungaji aliyetoka Ngorongoro akiingia na rungu lake, mtu anasogea. Wakati huohuo anayechomoa amevaa vizuri, ana begi kama abiria mwingine, na amekuuliza kwa upole nauli ya Karatu ni kiasi gani. Mara nyingi hayuko peke yake: mmoja anasimama mlangoni kana kwamba anatafuta kitu, wa pili anasukuma kwa nyuma, wa tatu anachomoa na kumpasia mwenzake papo hapo. Hata ukimshika aliyekusukuma, hutakuta kitu mwilini mwake. Kwa hiyo angalia matendo. Mtu aliyening'iniza koti mkononi juani, mtu anayepanda kisha anashuka kabla gari halijaondoka, mtu anayekubana wakati nafasi ipo: hao ndio wa kutazamwa, wawe na sura yoyote.

Saa ya hatari ni ile ya kupanda. Mkono mmoja umeshika mlango, mwingine umeshika furushi, macho yanatafuta kiti, na mfuko umebaki bila mlinzi. Acha wenye haraka watangulie, mzigo uweke mbele ya kifua, ndipo upande.

"Mfuko wa mbele ni salama." Nusu kweli. Unaushinda wa nyuma, basi. Suruali pana na mfuko mfupi hufunguka mtu anapokaa, na vidole viwili vinatosha. Mama zetu walishapata dawa zamani: hela zinafungwa kwenye pindo la khanga na kuchomekwa kiunoni, au zinawekwa katika mfuko ulioshonwa ndani ya sketi. Mwanamume naye anaweza kumwomba fundi cherehani amtilie mfuko wa ndani wenye zipu. Nauli na hela ya maji zikae nje, peke yake, ili usitoe bunda zima mbele ya kondakta. Na ukisikia mtu akitangaza kuna vibaka, usipapase mahali ulipoficha. Anayetazama atakuwa amepajua.

"Simu ikiibwa, na hela za kwenye simu zimekwenda." Si kweli, ila kuna sharti. Hela zinalindwa na namba ya siri. Azima simu, piga 100 kwenye mtandao wako, laini ifungwe. Kisha uirudishe kwa alama za vidole, kwani tangu 2019 ndivyo laini zinavyosajiliwa. Sharti lenyewe ni hili: wengi huweka mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri, halafu kitambulisho cha NIDA wanakichomeka nyuma ya kava la simu. Namba ya NIDA huanza na tarehe ya kuzaliwa! Hapo umempa mwizi simu pamoja na ufunguo wake. Badilisha namba hiyo leo.

"Ukishaingia hifadhini, wezi wamekwisha." Si kweli. Pale Lodoare nyani huingia garini kupitia dirisha au paa lililoachwa wazi, na huchukua begi zima kwa sababu tu lina harufu ya ndizi. Chini kwenye kreta, penye bwawa la Ngoitokitok ambako watu husimama kula, mwewe hushuka kwa kasi na kunyakua paja la kuku mkononi. Funga vioo, kula ndani ya gari, na usiwarushie chakula. Aliyewazoesha jana ndiye aliyekuletea balaa leo.

"Ukiibiwa, piga kelele za mwizi." Hapa naomba unisikilize. Piga kelele, ndiyo, lakini sema "simu yangu imechukuliwa, kondakta funga mlango." Neno "mwizi" stendi linakusanya mawe na fimbo kabla mtu hajaulizwa jina. Nchini mwetu watu wameuawa hivyo kwa ajili ya simu, wakiwemo ambao hawakuiba chochote. Kanuni ya Adhabu imeshaweka kifungo kinachoweza kufika miaka kumi kwa anayeiba kutoka mwilini mwa mtu, na mahakama ndiyo inayopima ushahidi. Nenda polisi, fungua jalada, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako. Na kama hukumwona akichomoa, tafadhali usimnyooshee mtu kidole.