Usiku wa Baraka: kwa nini mwezi ukijaa muji unalala

Mgeni akifika Baraka toka Uvira, na vumbi la karibu kilomita 100 za Barabara ya Taifa namba 5 bado liko kwenye nywele, swali lake huwa moja: huku usiku watu wanatoka wapi? Ameona mchanga, ameona ziwa, anafikiri atakuta mambo ya Bujumbura, muziki na mishikaki mpaka asubuhi. Wenyeji hawabishani naye. Wanamuonyesha ziwa tu.

Giza likiingia, upande wa Ubwari unaanza kuwaka. Taa moja, kumi, halafu huwezi tena kuhesabu. Asiyejua atasema kuna muji mwingine kule. Ni wavuvi. Zamani ilikuwa taa za petroli za kupampu, leo wengi wanatumia za batri. Kazi iko hivi: mchana ndagala wanakaa chini, usiku wanapanda wakifuata vidudu vidogo vya majini wanavyokula. Taa inawakusanya pamoja, wavu unashushwa chini yao, watu wanangoja, wakati mwingine masaa, kisha wanauvuta juu. Upepo ukiamka katikati ya kazi hiyo, kuna nyumba ambayo kesho italia.

Sasa sikilizeni vizuri. Kule Kendwa, kaskazini ya Unguja, mwezi ukijaa ndipo watalii nao wanajaa, maana kuna karamu ya mwezi mpevu ufukweni. Baraka ni kinyume kabisa. Mwezi ukijaa, mwanga unatapakaa ziwa lote, taa ya mvuvi haina nguvu tena, ndagala hawakusanyiki. Mitumbwi inabaki kwenye mchanga, watu wanashona nyavu. Na pesa nayo inalala. Mama wa kuanika hana cha kuanika, mwenye moto hana mzigo wa kupeleka, na mwenye nganda anaangalia chupa zake.

Basi ukitaka kukuta rumba imepandishwa sauti, njoo siku za giza. Lakini usije usiku! Usiku wateja wenyewe wako majini. Mvuvi anastarehe asubuhi, akishauza. Mimi nimeona watu wanacheza saa nne ya asubuhi, jua kali, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Kuna sababu nyingine ya watu kurudi nyumbani mapema, na tusijifanye hatuijui. Tangu vita ya 1996 wengi walivuka ziwa kwenda Tanzania, kambi ya Nyarugusu, na kuanzia 2005 wengine wakarudi kwa meli toka Kigoma. Mutu aliyekimbia usiku hauzoei usiku haraka. Hata ziwa lenyewe limekuwa njia ya vita: Che Guevara alivuka gizani toka Kigoma akafika Kibamba, hapa hapa Fizi, tarehe 24 Aprili 1965.

Hapa ndipo ninataka tubishane. Vijana wengi tunazungumza juu ya utalii, mahoteli kwenye mchanga, taa kubwa, disko. Lakini mchanga huo ndio wanapoanika ndagala na kuegesha mitumbwi. Ukiujengea ukuta, mama wa kuanika ataenda wapi? Sijasikia anayelijibu hilo.

Kwa upande mwingine, nchi nne za ziwa zimekubaliana kufunga uvuvi miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazae. Miezi mitatu bila taa ni miezi mitatu bila franga. Kwangu mimi, kukiwa na usalama, huo ndio wakati wa kumpokea mgeni: mchanga uko wazi, mitumbwi haina kazi, na wenyewe wanalijua ziwa kuliko mwongozaji yeyote wa kuletwa toka mbali. Siku za giza zibaki za wavuvi. Mgeni anayetaka kuziona aje, alale, na alfajiri ashuke ufukweni na sahani yake, ndagala wakiwa bado wanang'aa.